Pikipiki ikizima ukiingiza gia, usikate waya kwanza

Injini inawaka vizuri ikiwa kwenye nyutro. Unavuta klachi, unakanyaga gia ya kwanza, injini inakata papo hapo. Unawasha tena, inaitika. Unaingiza gia, inakata. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, motari (mwendesha pikipiki wa abiria) akifikia hapo huanza kufungua kabureta, anabadilisha buji, yaani plagi, anamtukana aliyemuuzia petroli ya chupa, na jioni ananiletea pikipiki huku pesa ya siku imeshaisha.

Sikiliza kwanza namna inavyozima. Injini inayokosa petroli haifi ghafla: inakohoa, inapoteza nguvu, mlio unapanda na kushuka, halafu ndipo inalala. Injini iliyokatiwa umeme inanyamaza mara moja, katikati ya mlio. Kama yako inanyamaza hivyo kila unapokanyaga gia, na kwenye nyutro haina neno, achana na kabureta. Inama upande wa kushoto uangalie stendi ya pembeni.

Karakana yangu iko Kadutu, na mwenye kuijua Kadutu anajua kwamba mahali tambarare pa kuegesha ni bahati. Mji mzima umekaa juu ya vilima. Mtu akisimama dukani Nyawera au akimshusha abiria Panzi, anaacha gia ya kwanza imeingia ili pikipiki isimtoroke, na akirudi anataka kuiwasha hivyo hivyo bila kuhangaika na nyutro. Kwa hiyo hili jambo la gia, klachi na stendi tunakutana nalo huku zaidi kuliko wenzetu wa Goma wanaoendesha kwenye mji ulio bapa zaidi.

Mashahidi watatu

Kwenye pikipiki yenye mfumo kamili, kuna swichi tatu zinazotoa ushahidi kabla injini haijaruhusiwa. Ya kwanza ni ya nyutro, imefungwa kwenye injini yenyewe, mara nyingi upande wa sproketi ndogo. Hiyo ndiyo inayowasha taa ya kijani yenye herufi N. Ya pili ni ndogo sana, imejificha chini ya mkono wa klachi. Ukivuta polepole pasipo na kelele unaisikia ikilia “tik”. Ya tatu iko kwenye bawaba ya stendi ya pembeni.

Kitufe cha stata hakiendeshi stata moja kwa moja. Kinaamsha rilei, yaani swichi ya umeme inayoipa stata moto, na rilei haiamki mpaka ipate njia ya kufika kwenye ethi, yaani upande hasi wa betri. Njia ni mbili. Moja inapitia swichi ya nyutro. Nyingine inapitia swichi ya klachi kisha swichi ya stendi, zote mbili kwa mfululizo, yaani moja ikigoma njia imekatika. Kwa maneno mengine, stata itazunguka kama uko kwenye nyutro, au kama umevuta klachi na stendi iko juu.

Moto wa plagi una sharti lake, na hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Kuvuta klachi hakuusaidii. Plagi inataka nyutro, au stendi iwe juu. Basi. Ukiwa kwenye gia na stendi iko chini, moto unakatwa hata kama mkono wako umeivuta klachi mpaka mwisho. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga kiki mpaka jasho limtoke na pikipiki isiwake: stendi iko chini, gia imeingia, plagi haipati kitu, na kila kiki inazidi kuilowesha kwa petroli. Ukiifungua plagi hiyo utaikuta inameta, inanuka, na motari anakwambia, “Papa Fundi, buji imekufa.” Buji haijafa. Ikaushe, nyanyua bekii, yaani stendi, piga tena.

Mpangilio huu niliouelezea ndio utakaoukuta kwenye pikipiki nyingi za Kijapani. Wengine wana tofauti ndogo, na nyingi za zile Boxer na TVS za zamani zinazobeba abiria hapa mjini, kwa jinsi ninavyozifungua, hazina swichi yoyote kwenye stendi. Usibishane na mtu, angalia kwa macho: kama kuna waya unaoshuka mpaka kwenye bolti ya stendi, swichi ipo. Kama hakuna waya, soma sehemu ya kuwasha ndani ya gia huko chini; majaribio ya swichi ya stendi hayakuhusu.

Kwa nini walijisumbua kuiweka? Stendi iko kushoto, na unapokata kona ya kushoto pikipiki inalala kushoto. Stendi iliyosahaulika chini inagusa lami, inainua gurudumu la nyuma, na pikipiki inakwenda moja kwa moja huku wewe unataka kupinda. Marekani kanuni yao inataka stendi ikigusa ardhi wakati chombo kinakwenda mbele ijikunje kurudi nyuma na juu. Ulaya, kwa agizo la mwaka 1993 kuhusu stendi za pikipiki, ziliwekwa njia mbili: stendi ijirudishe yenyewe, au pikipiki isiweze kuendeshwa na injini yake wakati stendi iko wazi. Swichi yetu ni mtoto wa njia hiyo ya pili. Kabla ya hapo kulikuwa na Honda zenye kipande cha mpira kwenye ncha ya stendi. Mpira unagusa barabara kwanza na kuisukuma stendi irudi. Ulikuwa na mstari wa kuonyesha ukilika mpaka hapo ubadilishwe. Zile nilizowahi kuziona huku zilikuwa zimebaki chuma tu.

Kumtafuta anayedanganya

Hakuna kifaa kinachohitajika kwa hatua hizi. Tafuta mahali palipo sawa, panda juu ya pikipiki, mkono wa kulia kwenye breki ya mbele, na usimruhusu mtu asimame mbele yako. Kabla ya yote angalia kile kitufe chekundu cha kuzimia injini upande wa kulia. Nacheka, lakini watoto wa mtaani wanapenda sana kukibonyeza, na nimewahi kuletewa pikipiki kwa kusukumwa kutoka Bagira kwa sababu yake.

Washa kwenye nyutro, stendi ikiwa juu. Vuta klachi yote, ingiza ya kwanza, na uendelee kuivuta. Injini ikikata, swichi ya stendi ndiyo inayodanganya: stendi iko juu na yenyewe inasema iko chini. Huna haja ya kuendelea, nenda kwenye tope na waya.

Injini ikiendelea kunguruma, shusha stendi kwa mguu huku klachi bado umeivuta. Inapaswa kufa hapo hapo. Ikifa, swichi ya stendi ni nzima. Isipokufa wakati waya upo, ama kuna aliyeiunganisha kwa ujanja, ama taa ya nyutro inakudanganya. Itazame taa: je, ile ya kijani inawaka na wewe uko kwenye gia?

Hiyo ya taa ya kijani ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Waya wa swichi ya nyutro unapita karibu na cheni, unapigwa na mafuta na mchanga, gamba lake linalika, na shaba ikigusa chuma cha injini mfumo mzima unaamini uko kwenye nyutro. Taa inawaka muda wote. Stata inazunguka bila klachi. Kijana mmoja alisimama pembeni ya TVS yake hapa kwangu, akaona kijani, akabonyeza stata huku anazungumza na simu. Pikipiki iliruka kutoka mikononi mwake ikaingia kwenye magunia ya makala (mkaa) ya jirani. Makala tuliyaokota. Kama pangekuwa na mtoto amekaa pale, nisingekuwa naandika kwa utani. Kwa hiyo usiiamini taa peke yake: kabla ya kubonyeza, isukume pikipiki hatua moja mbele na nyuma bila kuvuta klachi. Ikitembea laini, ni nyutro kweli. Ikigoma, kuna gia.

Sasa zima. Ingiza gia ya kwanza, stendi juu, vuta klachi, bonyeza stata. Ikizunguka, huna tatizo. Isipozunguka wakati kwenye nyutro inazunguka, na swichi ya stendi umeshaipima hapo juu, basi ni ile ndogo ya klachi. Mara nyingi swichi yenyewe haina kosa. Mkono wa klachi ulivunjika mtu alipoanguka, akanunua mwingine sokoni, na kile kidole kinachobonyeza swichi ni kifupi au kimepinda. Vuta mkono mpaka ugonge usukani kabisa. Stata ikizunguka hapo tu, umepata jibu.

Jaribio la mwisho: nyutro, bila kuvuta klachi. Stata haizunguki na taa ya kijani haiwaki? Swichi ya nyutro au waya wake. Stata haizunguki lakini taa ya kijani inawaka vizuri? Hapo mshukiwa ni dayodi, kipande kidogo kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kilichochomekwa kwenye kisanduku cha fyuzi au kuviringishwa ndani ya nyaya. Dayodi hiyohiyo ikiharibika kwa namna nyingine, utaona kituko: uko kwenye gia, stendi juu, ukivuta klachi taa ya nyutro inawaka. Watu husema ni mzuka. Ni dayodi.

Tope, springi na waya

Tope la huku ni jekundu na linanata. Kuanzia Septemba mvua zinapoanza mpaka Mei, linajaa kwenye bawaba ya stendi, linakauka, na kile kichwa kidogo cha swichi kinachotakiwa kutoka na kuingia kinabaki kimekwama ndani au nje. Halafu motari anaipeleka pikipiki kwenye lavaji, wanakoosha vyombo, kijana anaelekeza pampu ya maji palepale kwenye swichi, na maji yenye mchanga yanasukumwa ndani ambako mvua peke yake isingeyafikisha. Waambie wa lavaji waoshe sehemu hiyo kwa brashi na ndoo. Watakuona msumbufu. Vumilia.

Kusafisha: simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, kama haina, tafuta mtu wa kuishika au weka tofali imara chini ya injini. Hakikisha imezimwa na funguo imetoka. Maji ya vuguvugu yenye sabuni, mswaki wa zamani, sugua bawaba na kichwa cha swichi huku unapandisha na kushusha stendi mara nyingi, mpaka uone kichwa kinarudi chenyewe bila kusitasita. Suuza, kausha kwa kitambaa, na kama una spreyi ya kusafishia swichi za umeme, puliza kidogo na uendelee kuibonyeza. Usitumie petroli, inalainisha mipira midogo inayozuia maji, na mwezi ujao utakuwa umerudi palepale. Grisi inakwenda kwenye bolti ya bawaba, haiendi ndani ya swichi. Nimekuta swichi zilizojazwa grisi mpaka zimefumba macho. Grisi na vumbi ni saruji.

Ukimaliza hapo, shika ncha ya stendi uitikise kulia na kushoto. Ikicheza sana, bolti imelegea au tundu limelika, na kile kidole cha chuma kinachosukuma swichi hakifiki mahali pake. Hii ndiyo inayowapata wanaosema, “Inazima kwenye mashimo tu, kwenye lami haina neno.” Barabara ikitikisa, stendi inashuka kidogo, swichi inafunguka, injini inakata kwa nusu sekunde, inarudi. Mwendeshaji anadhani ni petroli. Kaza bolti kwa kiasi ambacho stendi bado inakunjika kirahisi, kisha ufunge nati yake ya nyuma.

Springi nayo. Nyingi zina springi mbili, moja ndani ya nyingine au sambamba, na moja ikikatika stendi bado inapanda, ila haishikwi kwa nguvu. Wengine huweka kipande cha tyubu badala ya springi. Tyubu inavutika, jua linaikausha, na siku moja stendi inashuka ukiwa kwenye mteremko wa Nguba. Nunua springi. Ni kitu cha bei ndogo kuliko soda chache.

Bado inagoma? Fuata waya kutoka kwenye swichi mpaka kwenye soketi yake, mara nyingi nyuma ya kifuniko cha pembeni au chini ya tanki. Waya huu hukatika mahali pamoja: pale unapojikunja karibu na bawaba. Na hukatika ndani. Gamba la nje linaonekana zima. Chomoa soketi, weka testa (kipima umeme) kwenye sehemu ya mlio, inayolia njia ya umeme ikiwa nzima, gusa pini mbili za upande wa swichi. Stendi juu, inalia. Stendi chini, inanyamaza. Hiyo ndiyo kawaida ya zenye nyaya mbili. Zipo zilizotengenezwa kinyume, kwa hiyo unachotafuta hasa ni mabadiliko: ikilia wakati wote au ikinyamaza wakati wote, ni mbovu. Zenye nyaya tatu, kama kwenye baadhi ya Honda, moja ni ya pamoja, nyingine inaunganishwa stendi ikiwa juu, ya tatu inawasha taa ya onyo stendi ikiwa chini. Huku testa ikilia, chezesha waya kwa vidole kipande kwa kipande. Pale mlio unapokatikakatika ndipo penye jeraha.

Huna testa? Chukua balbu ndogo ya volti 12, ya dashibodi, uiunganishe na betri kupitia zile pini mbili. Inawaka stendi ikiwa juu, inazima ikiwa chini. Lakini soketi iwe imechomolewa kabisa kutoka upande wa pikipiki, hasa ile ya injekta, isiyo na kabureta, maana upande ule kuna kompyuta na kompyuta haipendi majaribio ya balbu. Na zile zenye nyaya tatu kwenye pikipiki mpya nyingine hutumia sumaku badala ya kichwa cha kubonyeza. Hizo usizipime kwa balbu, wala usiziunganishe waya kwa waya.

Jeraha ukilipata, kata sehemu iliyooza, unganisha kwa risasi ya kuyeyusha, funika kwa mpira unaonywea kwa joto, na uuache waya na nafasi ya kujikunja. Uufunge mbali na cheni na ekzosi.

Sasa suala la kuunganisha, maana najua ndilo wengi wanalotaka. “Papa Fundi, unganisha tu, nina haraka.” Inawezekana. Kwa swichi ya nyaya mbili inayofunga stendi ikiwa juu, ukizishikisha zile nyaya mbili upande wa pikipiki, mfumo utaamini stendi iko juu milele. Iliyotengenezwa kinyume, kuichomoa tu kunatosha. Nafanya hivyo kwa mtu aliyekwama Walungu au njia ya Kavumu na usiku unaingia, afike nyumbani. Kuifanya iwe ya kudumu sikubali, na kwa mwenye pikipiki ya kubeba abiria sikubali hata kwa bei mbili. Si uchoyo. Mwenye pikipiki atakumbuka, lakini jioni anampa mdogo wake aendeshe, na mdogo wake amezoea kwamba stendi ikisahaulika injini inakataa. Pikipiki haikatai tena, na hakuna aliyemwambia. Ukilazimika kuunganisha njiani, funga kitambaa chekundu kwenye mkono wa klachi mpaka utengeneze, na kila ukiondoka uipige stendi teke la kisigino kuelekea nyuma hata kama unajua umeipandisha.

Kuwasha gia ikiwa ndani

Anza na kuegesha, kwa sababu hapo ndipo shida inapotengenezwa. Kwenye mlima, elekeza pua ya pikipiki juu. Stendi ya pembeni hufunguka kuelekea mbele. Pikipiki ikitaka kurudi nyuma inazidi kuikaza stendi kwenye kituo chake. Ukiielekeza pua chini, pikipiki ikisogea mbele kidogo tu stendi inajikunja na chombo kinalala. Zima ikiwa na gia ya kwanza, achia klachi, acha irudi nyuma taratibu mpaka gia iishike, ndipo ushushe stendi na uilaze. Pia usiegeshe mahali ambapo upande wa kushoto uko juu zaidi. Itasimama wima mno, na mtu akipita akiigusa kwa begi inaanguka kulia.

Wenye Yamaha AG100 na AG200, ambazo mashirika ya misaada yamezitumia sana kwenye barabara za vijijini, mna mambo mawili ya ziada. Zilikusudiwa watu wa mashambani, ndiyo maana zina stendi pande zote mbili: angalia ya kulia pia. Na zina kikufuli kidogo kwenye mkono wa klachi kinachoiacha klachi imevutwa, ili mfugaji asimame na gia yake, ashuke kufungua lango, arudi aendelee. Kwenye shamba la tambarare ni akili. Kwenye mteremko wa Kadutu, klachi ikiwa imefungwa hivyo gia haishiki gurudumu hata kidogo. Nimeona AG ikishuka yenyewe taratibu, gia ya kwanza imeingia, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani, mwenyewe anaikimbilia.

Kuwasha kwa stata: kaa juu, mguu wa kulia kwenye breki ya nyuma, pandisha stendi, vuta klachi mpaka mwisho, usiguse gesi, bonyeza. Injini ikishika, subiri pumzi moja kabla ya kuachia. Mwenye kuvuta gesi huku anabonyeza ndiye anayerukia mtaro.

Asubuhi kuna jambo jingine. Klachi nyingi za pikipiki zinakaa ndani ya mafuta ya injini. Usiku wa baridi mafuta yanakuwa mazito na sahani za klachi zinanatana. Unavuta mkono, swichi inalia tik, mfumo unaridhika, stata inaruhusiwa, lakini sahani hazijaachana. Stata sasa inasukuma injini na pikipiki nzima na wewe juu yake. Betri inakoroma, na ukiizoesha hivyo stata itaungua. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuwasha, ingiza ya pili, vuta klachi, isukume pikipiki mbele kidogo mpaka uhisi gurudumu limeachiwa. Au tafuta nyutro na uwashe hapo, uiache ipate joto kidogo. Mimi asubuhi nawasha kwenye nyutro kila siku. Kuwasha ndani ya gia nakuachia mchana, injini ikiwa na joto, uko kwenye foleni imekuzimia na magari yanapiga honi nyuma.

Nyutro ikikataa kuingia pikipiki ikiwa imezimwa mlimani, usiipige teke. Uzito umezifunga meno za gia. Vuta klachi, itikise mbele na nyuma kwa tumbo lako, huku mguu unabonyeza kwa upole, itaingia.

Wapiga kiki: kuna pikipiki ambazo kiki inazungusha injini hata gia ikiwa imeingia, mradi klachi umeivuta, na kuna ambazo zinataka nyutro tu. Jaribu ikiwa imezimwa na funguo imetoka: gia ya kwanza, klachi imevutwa, bonyeza kiki kwa mkono polepole. Ukisikia upinzani wa injini na pikipiki imetulia, unaweza kuwasha ndani ya gia. Ikitaka kutembea au kiki ikigoma, yako ni ya nyutro, usiilazimishe.

Na betri ikiisha, vilima vyetu vinalipa deni. Elekea chini, funguo imewashwa, kitufe chekundu sawa, stendi juu, maana ikiwa chini hata ushuke mpaka ziwani plagi haitapata moto. Gia ya pili. Ya kwanza inafunga gurudumu na kulifanya liburuzike. Vuta klachi, acha ikimbie, kaa kwa uzito kwenye kiti na uachie klachi kwa wakati mmoja. Ikishika tu, vuta tena. Kwa pikipiki ya injekta yenye betri iliyokauka kabisa usijichoshe, pampu ya petroli inahitaji umeme.

Ukinunua iliyotumika

Muuzaji atakuwashia yeye, kwenye nyutro, na atapiga gesi nyingi. Mwombe akuachie. Tazama kama waya unafika kwenye bawaba ya stendi. Washa, shika breki, vuta klachi, shusha stendi, ingiza ya kwanza. Waya upo na injini haikufa? Inua kifuniko cha pembeni utafute soketi. Mara nyingi utakuta kipande cha waya cha rangi nyingine kimefungwa kwa utepe mweusi, na utepe huo unakuambia pia namna aliyeimiliki kabla yako alivyozitunza nyaya nyingine. Muulize bei ya swichi mpya ya aina hiyo, kwa sababu za pikipiki kubwa hazipo kila duka hapa na nyingine huagizwa Kigali au Kampala, halafu uipunguze kwenye bei aliyokutajia.